Marejeo ni Ngamani

Wahenga wa pwani walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sisi wa huku Kamsamba tuko mbali na bahari, na mto tunaoujua ni Momba unaokwenda kumwaga maji yake Ziwa Rukwa. Hata hivyo methali hii tunaielewa. Mtu na atembee mbele na nyuma ya chombo apendavyo, mwisho wake atashuka pale chini kabisa, ndani ya chombo, ambapo maji yanayovuja hukusanyika. Nami naongeza kwamba ni huko chini ndiko baharia hujua kama chombo chake ni kizima au kimetoboka. Juu kinaweza kuwa na tanga jeupe na rangi mpya.

Neno hilo hilo, marejeo, tunalitumia katika uandishi. Sizungumzii hapa ile orodha ya vitabu inayowekwa mwishoni. Nazungumzia marejeo ya ndani, yale maneno mafupi yanayomtuma msomaji kutoka sehemu moja ya andiko kwenda sehemu nyingine ya andiko lilo hilo: "tazama ukurasa wa 47", "kama tulivyoeleza katika sura ya 3", "kwa mujibu wa kifungu cha 14". Maneno hayo hayana uzuri wowote wa kusifiwa. Lakini kila moja ni ahadi. Mwandishi anamwambia msomaji: inuka hapo ulipo, nenda pale, utakikuta nilichokuambia. Msomaji akienda asikikute, hana sababu ya kuamini ahadi inayofuata.

Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani. Ni nadra kumwona mtu akihakiki vyombo vinavyotumika kutengeneza vitabu, kana kwamba programu ya kuandikia ni kama jembe, ambalo kazi yake ni kulima tu na halina maoni juu ya shamba. Mimi naona programu hizi zina maoni mengi. Zinaamua namba iandikweje, neno gani liitangulie, nini kibadilike chenyewe na nini kibaki kama kilivyo. Na maamuzi hayo huonekana zaidi siku andiko la zamani linapohamishiwa programu mpya, au toleo jipya la programu ile ile. Ndiyo sababu nimeona yafaa kuzihakiki hapa, na nitazihakiki kwa kigezo kimoja tu: zinaitunzaje ahadi ile?

Kwanza tukumbuke kwamba shida hii haikuletwa na kompyuta. Kila aliyewahi kunakili kitabu kwa mkono aliijua. Ukielekeza kwa namba ya ukurasa, umeelekeza kwenye karatasi, na karatasi hubadilika kila kitabu kinaponakiliwa upya. Ndiyo maana watu wa vitabu vitakatifu waliacha karatasi wakaelekeza kwenye maneno yenyewe, kwa sura na aya. Katika Biblia, mgawanyo wa aya zenye namba tunaoutumia leo katika Agano Jipya umetokana na chapa ya Mfaransa Robert Estienne ya mwaka 1551. Kwa utaratibu huo mtu wa Tunduma na mtu wa Mombasa, kila mmoja akiwa na chapa yake, wanafika mahali pamoja.

Lakini hata utaratibu huo una mahali panapovuja. Zaburi ya mchungaji ni ya 23 katika hesabu ya Kiebrania. Katika hesabu ya zamani ya Kigiriki na Kilatini ni ya 22, kwa kuwa huko Zaburi ya 9 na ya 10 huhesabiwa kuwa moja. Mtu aliyerithi kitabu cha sala cha babu yake, kinachofuata hesabu ya Kilatini, akaenda nacho kwenye Biblia mpya, atatumwa kwenye zaburi nyingine kabisa, tena bila kuonywa. Zaburi ile ipo na ina maneno mazuri. Ila siyo aliyotumwa kuisoma.

Wanasheria nao walitafuta dawa yao. Tazama Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Ibara ya 10 ilifutwa mwaka 1992, wakati nchi ilipoingia tena katika vyama vingi. Wangeweza kuisogeza ibara ya 11 ikawa ya 10, na ya 12 ikawa ya 11, hadi mwisho. Hawakufanya hivyo. Waliiacha namba 10 kama kiti kitupu, pakaandikwa kwamba imefutwa, na ibara ya 11 ikaendelea kuitwa ya 11. Mwaka 2000 zilipoongezwa ibara mpya zinazohusu Mahakama, zilipewa namba 107A na 107B, ili ya 108 isihame nyumba yake. Kwa macho ya mtu apendaye unadhifu, hii ni sura mbaya: pengo hapa, herufi imening'inia pale. Kwa macho yangu ni adabu kubwa. Wameukubali ubovu wa sura ili kulinda kila hukumu, kila barua na kila kitabu kilichokwisha kuzitaja namba zile.

Kompyuta ilipokuja, ilileta njia ya tatu. Badala ya kuandika namba, mwandishi anapachika jina la siri mahali pa kuelekezewa, na kule anakoelekeza anaandika jina lile lile. Namba yenyewe inawekwa na mashine. Kifungu kikisogea, namba inasogea nacho. Huu ni uvumbuzi wa kusifiwa, na sitaki msomaji adhani kwamba naupinga.

Mfano mmoja bora wa njia hii ni programu ya LaTeX, aliyoitunga Leslie Lamport katika miaka ya 1980 juu ya msingi wa TeX ya Donald Knuth. Knuth alikuwa profesa wa kompyuta huko Marekani, na inafaa kukumbuka kilichomsukuma. Katika miaka ya 1970 mchapishaji wake alihama kutoka uchapaji wa herufi za risasi kwenda njia mpya ya picha, na Knuth alipoletewa nakala za majaribio za kitabu chake hakupendezwa nazo hata kidogo. Kwa hiyo TeX ilizaliwa na mtu aliyechukizwa na madhara ya kuhamia chombo kipya. Labda ndiyo maana ukoo huu wa programu una uaminifu fulani. LaTeX ikikosa mahali ilipoelekezwa, huchapa alama mbili nene za kuuliza pale namba ilipopaswa kuwa. Na namba zikiwa zimebadilika tangu mara ya mwisho, humwambia mwandishi aipitishe kazi tena. Haijifanyi kujua kisichojulikana.

Microsoft Word, ambayo ndiyo inayotawala katika ofisi nyingi na steshenari zetu, hufanya kazi kwa wazo hilo hilo, lakini tabia yake ni nyingine. Namba za vifungu vyenyewe, kama umeziweka kwa mashine, hujipanga upya papo hapo unapoongeza kifungu. Marejeo ya kuelekeza kwenye vifungu hivyo hayajipangi papo hapo. Husubiri hadi mtu ayaamuru, kwa kuchagua andiko zima na kubonyeza kitufe cha F9, au hadi wakati wa kuchapa karatasi ikiwa mtu ameiwekea programu agizo hilo. Katikati ya hapo andiko linakuwa na saa mbili zinazoonyesha nyakati tofauti: namba za vifungu zimekwisha hama, marejeo bado yako kwenye namba za zamani. Na hakuna rangi wala alama inayomwonya msomaji.

Kuna mahali Word inaonya. Mahali palipoelekezwa pakifutwa kabisa, na marejeo yakaamriwa kujipanga, basi katikati ya sentensi ya Kiswahili hutokea sentensi nene ya Kiingereza inayosema kwamba kuna kosa, chanzo cha rejeo hakikuonekana. Nimewasikia watu wakililaani onyo hilo, nami nimeona ripoti zilizochapwa na kufungwa kwa gundi zikiwa nalo ndani. Linaudhi, ndiyo. Lakini nikiambiwa nichague kati ya onyo hilo la kuudhi na namba safi iliyo ya uongo, nitachagua onyo. Mtu akilegea hadi akachapa ripoti yenye onyo, walau msomaji anajua kwamba daraja limekatika. Namba ya uongo humvusha hadi ng'ambo isiyo yake.

Hapa nieleze jambo lililotokea katika kikundi kimoja cha wakulima wa mpunga katika bonde letu, ambacho jina lake silitaji. Mimi sikuwa mwanachama wala mwandishi wao. Nililetewa karatasi zao kama zinavyoletwa karatasi nyingi kwa mwalimu mstaafu, ili nizisome na kueleza zinasema nini.

Katiba yao ya kwanza ilikuwa na vifungu 26. Kifungu cha 9 kilihusu hisa, na kilisema kwamba hisa za mwanachama aliyefariki zitashughulikiwa kama ilivyoelezwa katika kifungu cha 14. Kifungu cha 14 kilisema mrithi atakayetajwa na familia ndiye atakayezichukua, na asipotaka uanachama atalipwa thamani yake. Ni utaratibu mwema na wazi. Aliyeiandika katiba hiyo alikuwa mjuzi wa kazi yake. Marejeo yote aliyaweka kwa mashine, yakiwa hai.

Miaka ikapita, kompyuta ile ikafa, faili likabaki kwenye flashi. Lilipofunguliwa katika programu nyingine, mpya zaidi, sura yake ilivurugika: nafasi zimepanuka, herufi zimebadilika. Aliyepewa kazi ya kulisafisha alifanya wanavyofanya wengi. Alinakili maneno matupu akayabandika kwenye faili jipya, kisha akaweka upya namba za vifungu kwa mashine. Kazi ikatoka safi. Lakini katika kunakili maneno matupu, kila rejeo lililokuwa hai liligeuka kuwa wino tu. "Kifungu cha 14" ilikuwa sasa ni herufi na tarakimu zisizojua zinaelekeza wapi. Baadaye mkutano mkuu ukaongeza vifungu viwili mwanzoni, kimoja cha malipo kwa simu na kimoja cha kazi za mhasibu, na mashine kwa utiifu ikavisogeza vifungu vyote vilivyofuata. Kifungu cha mirathi kikawa cha 16. Na kifungu cha 14 kipya? Kilikuwa kile kilichokuwa cha 12, kinachohusu mwanachama anayefukuzwa, ambacho kinasema hisa zake zitabaki mali ya kikundi.

Msomaji ameshaona linakoelekea. Mwanachama mmoja alifariki, mjane wake akaenda kuuliza hisa. Katibu mpya, kijana asiyewajua waasisi, alifungua kifungu cha hisa, akatumwa kwenye cha 14, akasoma, akamjibu mama yule kwamba hisa zimerudi kikundini. Hakuwa mwizi. Alisoma kilichoandikwa. Wazee walijua kwamba sivyo walivyokubaliana, lakini katika mkutano neno la mzee lilipingana na karatasi yenye muhuri, na karatasi ilikuwa inashinda. Shauri lilikwisha pale ilipopatikana nakala ya zamani iliyochapwa, ikalinganishwa na mpya kifungu kwa kifungu. Mama akapata haki yake baada ya msimu mzima wa kwenda na kurudi. Mbegu alizokuwa amezitegemea kununua kwa fedha hizo zilikwisha kupandwa na wengine.

Natumia mfano huu kwa sababu unaonyesha kosa mahali lilipo hasa. Hakuna hata mmoja aliyefanya hila. Aliyesafisha faili alisafisha, mkutano uliongeza vifungu halali, katibu alisoma kwa makini. Kilichokosekana ni chombo cha kusema: hapa palikuwa na rejeo, sasa unaliua. Programu inayouliza mara mbili kabla ya kufuta faili tupu haiulizi hata mara moja inapogeuza marejeo arobaini kuwa wino. Huo ndio uhakiki wangu wa kwanza, nao ni mzito kuliko yote: vyombo hivi vinathamini sura kuliko ahadi.

Uhakiki wa pili unahusu lugha. Katika Kiingereza, ukitaka kutaja jedwali, sura au kielelezo, unaweka jina na namba, basi. Programu zimejengwa kwa tabia hiyo: jina, nafasi, tarakimu. Kiswahili hakiendi hivyo. Kinataka kiunganishi cha uhusiano, na kiunganishi hicho hufuata ngeli: jedwali la 3, sura ya 3, kielelezo cha 3, ukurasa wa 3. Wingi ukija, vyote vinageuka: majedwali ya 3 na 4, sura za 3 na 4, vielelezo vya 3 na 4, kurasa za 3 na 4. Hakuna mtoto wa darasa la tatu hapa Kamsamba anayehitaji kufundishwa jambo hili. Ila mashine hailijui, na matokeo yake tunasoma vitabu vyenye "Jedwali 3 linaonyesha" na "kama ilivyo katika Sura 5", Kiswahili kilichovalishwa koti la mtu mwingine.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni dogo, na kwamba "Jedwali 3" ni kama jina la pekee, halihitaji kiunganishi. Nakubali nusu. Juu ya jedwali lenyewe, katika herufi kubwa, "JEDWALI 3" linakaa kama kibao mlangoni, na hakuna anayeudhika. Lakini ndani ya sentensi jina hilo linaingia katika mazungumzo, na mazungumzo yana sarufi. Wengine wamepata njia ya kati kwa kuandika "Jedwali Na. 3". Ni njia ya heshima, kwa kuwa inakwepa ngeli bila kuivunja. Hata hivyo itazame ikifika kwenye wingi: "Majedwali Na. 3 na 4". Na ya kwanza ni namba, na ya pili ni kiunganishi, na msomaji anakohoa kidogo kabla ya kuendelea.

Je, ni kazi ngumu kuifundisha mashine? La hasha. Waandishi wa LaTeX wana nyongeza iitwayo cleveref, iliyotungwa na Toby Cubitt, ambayo huweka jina la kinachoelekezwa pamoja na namba yake. Mtumiaji anaweza kuiambia mara moja tu kwamba sura ikiwa moja iitwe "sura ya" na zikiwa nyingi ziitwe "sura za", na neno la kuunganisha mbili ni "na". Baada ya hapo kitabu kizima husema Kiswahili. Katika Word nako mtu anaweza kujitungia jina la vielelezo vyake, akaweka "Kielelezo cha" badala ya "Kielelezo", na umoja ukakaa sawa. Wingi ndio utakaomsumbua, kwa sababu programu humpa jina na namba kwa pamoja wakati yeye anahitaji namba peke yake.

Wengine wamekwisha kuonyesha kwamba lugha inaweza kuheshimiwa. Kihungari kina kibainishi "a" ambacho hugeuka "az" kikitangulia neno linaloanza na irabu. Kwa hiyo mbele ya namba 3 husemwa "a", na mbele ya namba 5 husemwa "az", kwa sababu tano kwa lugha yao ni "öt". Mwandishi hawezi kujua mapema namba itakuwa ipi, maana inawekwa na mashine. Watu wa Hungaria hawakukubali kuandika Kihungari kibovu. Leo LibreOffice, ambayo ni programu ya bure, ina namna maalumu ya marejeo ya Kihungari inayochagua kibainishi yenyewe kwa kufuata namba. Ikiwa lugha ya watu wachache kuliko sisi imepata hilo, Kiswahili kinakosa nini?

Sisemi kwamba hatujafanya lolote. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu wa Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia, kwani kabla yake wengi waliamini kompyuta haiwezi kusema na mtu ila kwa Kiingereza. Lakini kutafsiri menyu ni kuandika Kiswahili juu ya mlango. Sarufi ya marejeo iko ndani ya nyumba, na huko ndani bado samani zimepangwa kwa desturi ya mgeni.

Sasa nije kwenye uhakiki wa tatu, ambao unaelekezwa kwetu sisi tunaopenda vitu vijipange vyenyewe. Si kila rejeo linapaswa kuwa hai. Tuichukue Kamsamba yenyewe. Kwa miaka mingi tuliandikwa kuwa Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya. Mwaka 2012 tukawa Wilaya ya Momba. Mwaka 2016 ulipozaliwa Mkoa wa Songwe, tukawa watu wa Songwe. Bonde ni lile lile, mto ni ule ule, joto ni lile lile. Je, muhtasari wa kikao cha mwaka 1994 unaosema "Kamsamba, Mbozi, Mbeya" una kosa? Hauna. Ulisema kweli kwa siku yake. Mtu akiupitia leo na kubadilisha kila "Mbeya" kuwa "Songwe", atakuwa ametunga mkoa ambao mwaka ule haukuwapo.

Hivyo kuna marejeo ya namna mbili. Rejeo la ndani ya andiko moja lapasa kuwa hai, lifuate kifungu popote kiendapo. Rejeo la kwenda kwenye andiko jingine, au kwenye toleo fulani la andiko, lapasa kusimama na mwaka wake. Wanasheria wetu wanalijua hili. Wakiitaja Kanuni ya Adhabu husema Sura ya 16, kisha huongeza ni toleo la mwaka gani, la 2002 au la baadaye, maana sheria zikirekebishwa namba za vifungu zinaweza kuhama. Muhtasari wa kikundi cha mpunga ungesema "kifungu cha 14, katiba ya mwanzo" na si "kifungu cha 14" tu, ubishi ungekwisha katika kikao kimoja. Programu haziwezi kutuamulia lipi ni lipi. Hiyo ni kazi ya akili ya mwandishi, nayo isisukumiwe mashine.

Kwa anayehama kutoka programu moja kwenda nyingine, natoa ushauri mfupi nilioupata kwa kusoma karatasi za watu. Kabla ya kuhama, yaamuru marejeo yote yajipange katika programu ya zamani, kisha chapa nakala moja ya karatasi na uiweke mbali na kompyuta. Faili la zamani usilibadilishe. Fanya kazi kwenye nakala. Kama ni LaTeX, futa mafaili ya msaada yaliyozalishwa na toleo la zamani, maana toleo jipya linaweza kushindwa kuyasoma, kisha ipitishe kazi upya mara mbili au tatu hadi isidai tena. Usibandike maneno matupu ili kurekebisha sura, isipokuwa umekubali kuyajenga marejeo yote upya. Hesabu marejeo kabla na baada. Mwisho, keti na mtu wa pili: mmoja ashike nakala ya karatasi, mwingine afuate kila rejeo kwa kidole hadi liendako. Katiba ya kurasa kumi na mbili itawachukua asubuhi moja.

Asubuhi moja ni gharama, najua. Wakati wa palizi hakuna mwenye asubuhi ya kupoteza, na mwenye steshenari analipwa kwa ukurasa, si kwa rejeo. Ndiyo maana lawama yangu kubwa haiendi kwa kijana wa steshenari. Inakwenda kwa wanaotengeneza vyombo, ambao wangeweza kuweka onyo moja na kumwokolea asubuhi yake. Na sehemu ya lawama inakwenda kwa sisi wasomi wa Kiswahili, ambao tumeshindana sana juu ya neno lipi litumike kwa kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na tukasahau kuuliza kama chombo hicho, tukikiite jina lolote, kinajua kusema "cha 14".

Siku hizi sheria zinatafsiriwa kwa Kiswahili, na tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kisheria kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hilo ni jambo kubwa kuliko inavyofikiriwa. Maelfu ya kurasa yatapita katika programu hizi, kila moja ikiwa na "kifungu cha", "jedwali la" na "sura ya" kwa mamia, na kila moja ikihamishwa kutoka toleo hadi toleo kwa miaka mingi ijayo. Watakaozisoma si mawakili peke yao. Watazisoma makatibu wa vikundi, watendaji wa vijiji na wajane, huku mabondeni ambako nakala ya zamani si rahisi kupatikana. Mtu huyo akifungua kifungu na kuambiwa aende kingine, hana wa kumuuliza. Atakwenda anakotumwa, na atakachokikuta huko ndicho kitakachokuwa sheria kwake.